Mama Visigino na Sentimita Mbili za Mkoa wa Bondeni

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, familia imemteua mdogo wake wa mwisho, mwalimu mstaafu, asome habari za maisha yake, na kabla ya kumpa karatasi imemwonya asitie chumvi, kwa kuwa marehemu hakuvumilia tarakimu iliyotiwa chumvi, na kama angeweza angeinua kidole hata leo na kuuliza imetoka wapi. Kwa hiyo kila tarehe mtakayoisikia hapa imesomwa na mtu mmoja na kurudiwa kwa sauti na mwingine kabla ya kuandikwa, kama alivyotuzoeza, na pale ambapo hatuna hakika tutasema hatuna hakika.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Visigino, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1950, katika mkoa wa bondeni, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba mlinzi wa reli na mama mshona magunia. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba mkunga aliogopa kumshika kwa mkono mmoja, na kwa kuwa zahanati ya wakati huo haikuwa na mizani, walimpeleka kwenye kinu cha nafaka jirani, wakamlaza juu ya gunia tupu na kumpima kama wanavyopima mahindi, ikaandikwa kilo mbili kasoro kidogo. Mama yetu alishikilia mpaka mwisho wa maisha yake kwamba mzani ule ulizidisha, kwa sababu gunia halikutolewa kwenye hesabu, na huenda ubishi wa dada juu ya vipimo aliunyonya kwa mama pamoja na maziwa.

Alianza masomo mwezi Januari 1957 katika shule ya msingi ya reli, ambako kwa ufupi wake aliketishwa dawati la mbele miaka yote saba, jambo lililomuudhi sana, hata akawa anawapima wenzake kwa uzi wa magunia wa mama ili aonyeshe kwamba wapo wawili wafupi kuliko yeye waliokaa nyuma. Mwaka 1964 aliingia shule ya sekondari ya wasichana ya bweni, akamaliza mwaka 1967, na mwaka 1968 akachaguliwa kujiunga na chuo cha takwimu, akahitimu Novemba 1969 akiwa wa pili kati ya wanafunzi thelathini na mmoja. Aliyekuwa wa kwanza, aliyemzidi alama moja tu, yupo nasi hapa leo, na marehemu alituachia salamu kwamba ile alama bado anaidai isahihishwe upya.

Jumatatu tarehe 2 Februari 1970 aliripoti kazini katika kitengo chenye jukumu la kupima na kulinganisha hali ya watoto wa mikoa yote kumi na mmoja, kitengo kilichokuwa na chumba kimoja cha ghorofani juu ya duka la vifaa vya shule, chenye madirisha yasiyofunguka, meza nne, mashine ya kuhesabia yenye mkono wa kuzungusha, na kabati la chuma lenye droo kumi na moja, droo moja kwa kila mkoa. Kutoka chumba hicho walikwenda kila mwaka shule hadi shule, zahanati hadi zahanati, wakiwa na mizani, ubao wa kupimia urefu na rundo la madodoso, na waliporudi walijumlisha yote katika jedwali moja lililosema watoto wa mkoa gani wanakua vizuri, wa mkoa gani wanadumaa, na wapi serikali ipeleke chakula cha shule mwaka unaofuata. Watu wengi waliliona jedwali lile kama msimamo wa ligi ya mpira, wakashangilia na kununa kwa mujibu wa nafasi, lakini dada alikuwa akisema kila mstari wake una watoto waliosimama peku wakimwangalia yeye usoni.

Kupima mtoto, kwa wasiojua, si jambo la kupapia. Mtoto avue viatu, nywele zilizofungwa juu zifunguliwe au zibanwe, mtu mmoja amshike magoti, mwingine amshike kidevu, anayesoma asome kwa sauti, anayeandika arudie alichosikia ndipo aandike, kisha aje mpimaji wa pili ambaye hakusikia kipimo cha kwanza, naye apime upya, na vikitofautiana kwa zaidi ya nusu sentimita, kazi ianze tena. Dada ndiye aliyekuwa akiwapanga watoto kwenye ubao, na sauti yake ya "visigino nyuma, magoti yanyooke, macho mbele" ilisikika mpaka nje ya uzio wa shule, watoto wakaondoka nayo nyumbani, wakaichezea michezo yao, na huko ndiko lilikotoka jina la Mama Visigino, alilolibeba kabla hata hajawa mama wa mtu. Baada ya vipimo yalikuja maswali, kama mtoto amekula kabla ya kuja shule, kama ana blanketi lake, maji wanateka mbali gani, na mwishoni swali moja ambalo dada aliliongeza kwa mkono wake mwaka 1973 bila kumwomba mtu ruhusa, nalo ni hili, ukianguka unamkimbilia nani. Wakubwa walimwambia jibu la swali hilo haliwezi kulinganishwa kati ya mkoa na mkoa, naye akakubali kwamba haliwezi, na akaendelea kuliuliza miaka thelathini na saba.

Mwezi Agosti 1974 kibao cha kichwani cha ubao mmoja kilianza kucheza, akakibeba mwenyewe hadi karakana ya idara, akamkuta fundi seremala kijana, mpole, mwenye penseli sikioni, aliyekitazama kibao, akakipiga randa kidogo, akasema kibao hakina neno, labda vichwa vya watoto ndivyo haviko sawa. Dada alirudi karakana ile mara nne mwezi huo, na kwa mujibu wa daftari la karakana, ambalo shemeji yetu amelitunza mpaka leo, mara tatu kati ya hizo ubao haukuwa na kasoro yoyote. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 21 Juni 1975, wakahamia nyumba ndogo yenye banda la useremala uani, na tangu hapo sote tukamwita shemeji yetu Fundi, na yeye peke yake kati ya watu wote duniani alikuwa na ruhusa ya kubishana na dada juu ya kitu chenye urefu.

Inapasa itajwe hapa, kwa kuwa tuliahidi kusema kweli, kwamba mwaka 1978 walipojaza fomu za vitambulisho, dada alisema bila kupepesa macho kwamba urefu wake ni sentimita mia na sitini, Fundi akamtazama kutoka juu hadi chini kwa jicho la seremala, akayameza aliyotaka kusema, akaandika mia na sitini, na wazee waliowahi kuishi katika ndoa watakubali kwamba hapo aliokoa mengi.

Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza wa kiume aliyezaliwa tarehe 9 Aprili 1976, ambaye ni fundi umeme, wa pili wa kike aliyezaliwa tarehe 27 Oktoba 1979, ambaye ni muuguzi, na kitinda mimba, wa kike pia, aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1983, ambaye ni mshonaji. Kila mtoto alipimwa asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa kabla ya kifungua kinywa, akiwa peku, kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, na Fundi akachora mstari kwa penseli na kuandika tarehe, na mwimo ule haujapakwa rangi hata siku moja, ingawa nyumba imepakwa mara sita.

Sasa tunafika mwaka 1986, na hapa familia ilijadiliana sana kama habari hii isomwe mbele za watu, mpaka Fundi mwenyewe aliposema isomwe, kwa sababu marehemu angeshangaa tukiiruka.

Mwaka huo mafuriko yaliharibu vifaa vyote vya mkoa wa bondeni, mkoa wetu wa kuzaliwa, ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa kumi kati ya mikoa kumi na mmoja, na Fundi akaagizwa atengeneze mbao sita mpya za kupimia. Mbao za zamani zilikuwa zikilegea kwa misukosuko ya barabara, kwa kuwa ubao wa mgongo ulisimama juu ya ubao wa kukanyagia, kwa hiyo yeye kwa nia njema akabuni namna iliyo imara zaidi, ubao wa mgongo ukashuka mpaka chini kabisa, na ubao wa kukanyagia, wenye unene wa sentimita mbili, akaupigilia kwa mbele. Kisha, kwa mkono uliozoea miaka kumi na miwili kuanzia utepe wa namba kwenye ncha ya chini ya ubao wa mgongo, akauanzia hapo hapo. Kila mtoto aliyesimama kwenye mbao zile alikuwa amekwisha kupewa sentimita mbili kabla hata hajanyoosha magoti, na hakuna aliyeona, kwa sababu namba za chini zilifichwa na visigino, na macho ya wapimaji wote wawili, wa kwanza na wa pili, yalikuwa juu kichwani.

Jedwali la mwaka 1987 likatoka, na mkoa wa bondeni ukapanda kutoka nafasi ya kumi hadi ya tatu. Watu walicheza barabarani, mkuu wa mkoa akapewa ngao ya shaba, mama yetu akatembea na gazeti kwenye mfuko wa kitenge, na dada, mtoto wa kinu cha nafaka, alilia kwa furaha ofisini, mchana kweupe, mbele ya wenzake. Januari 1988 chakula cha mchana cha shule kikaondolewa mkoani kwetu na kupelekwa kwenye mikoa iliyoshuka, na kwa mujibu wa jedwali hilo ndilo lililokuwa jambo la haki.

Mdogo wake anayesoma hapa alikuwa wakati huo akifundisha darasa la nne katika shule ile ile ya reli, na hakuwa na ubao wala mizani, bali alikuwa na macho, na macho yake yaliona kwamba tangu chakula kiondoke watoto walikuwa hawachezi tena mapumziko ya mchana, walikaa kivulini kando ya ukuta, na saa sita ikifika wanalaza vichwa juu ya madawati. Tarehe 12 Septemba 1988 alimwandikia dada yake barua akamweleza hayo. Jibu likaja tarehe 30 Septemba, kurasa mbili na jedwali moja, likionyesha kwa nini jambo hilo haliwezekani, na likafunga kwa maneno haya, ambayo mpokeaji anayakumbuka kwa moyo, "Mdogo wangu, usiniletee huruma, niletee namba."

Mdogo mtu alikasirika, na si hasira ndogo. Kwa miezi saba hawakuandikiana, na walipokutana nyumbani kwa mama walisalimiana kupitia kwake, huyu akimwambia mama amwambie yule apitishe chumvi, mpaka mama akasema yeye si kituo cha simu. Leo ukisikia watu wakisema dada na mdogo wake walikuwa chanda na pete, ujue walianza kuwa hivyo mwaka uliofuata.

Siku ya Ijumaa tarehe 5 Mei 1989, kitinda mimba alitimiza miaka sita, au kama mama yake alivyopenda kusema, miezi sabini na miwili, kwa kuwa aliuhesabu umri wa kila mtu kwa miezi kama wa watoto wa madodoso. Asubuhi alipimwa kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, akawa na sentimita mia moja na kumi na nukta nne. Mchana ule dada alikuwa ameleta nyumbani ubao mmoja kutoka mkoa wa bondeni, uliopasuka mguu, ili Fundi autengeneze bandani, na ulipokwisha kutengenezwa mtoto akaomba naye apimwe kama watoto wa kazini, basi akavua viatu, akasimama, mama yake akasema visigino nyuma, magoti yanyooke, macho mbele, akasoma mia moja kumi na mbili na nukta nne. Akadhani ni nywele, akazibana. Akadhani ni mtoto kujivuta, akamkandamiza mabega. Akapima mara tatu, halafu akamwita mumewe kwa sauti ya kawaida kabisa, na kitinda mimba anaikumbuka mpaka leo.

"Fundi," alisema, "mtoto wetu amerefuka sentimita mbili tangu asubuhi."

Fundi alimshika mtoto akamshusha, akaulaza ubao chali, akatazama pale visigino vilipokuwa, akakaa chini kwenye taka za randa. Akasema ni mkono wake, mkono wake huu huu, na dada akamjibu kwamba mkono wake ulikosea siku moja, lakini yeye aliandikiwa barua na mdogo wake aliyeyaona kwa macho, akaisoma vizuri, akaijibu kwa jedwali. Siku hiyo ndiyo pekee ambayo watoto wao waliwahi kuwaona wazazi wote wawili wakilia pamoja, na keki ya mtoto ilikatwa saa mbili baadaye kuliko ilivyopangwa.

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa kitengo, mtu ambaye hakuwa mbaya, na mkuu alishauri wasubiri mwaka umalizike, mbao zibadilishwe kimya kimya, na mkoa wa bondeni ushuke wenyewe kwenye jedwali linalofuata. Dada alimuuliza mkoa ukishuka hivyo nani atalaumiwa, maana wote wawili walijua watalaumiwa akina mama wa bondeni, kwamba walipewa sifa wakazembea, na wote wawili walijua kwamba mwaka mmoja katika maisha ya mtoto wa miezi thelathini si muda wa kusubiri ngao ipoe. Aliambiwa afikiri vizuri, maana alikuwa karibu kupandishwa cheo, na mumewe alikuwa mtumishi wa idara hiyo hiyo.

Jumapili tarehe 14 Mei alishuka kwenye treni stesheni ya nyumbani kwetu, akatembea hadi nyumba ya walimu, akabisha hodi, na mdogo wake alipofungua mlango alimkuta amesimama ameunganisha visigino kama mtoto anayesubiri kupimwa.

"Mdogo wangu," alisema, "namba zangu nimeziacha ofisini. Leo nimeleta huruma, kama bado una nafasi nayo."

Aliyeambiwa maneno hayo alikuwa ameandaa hotuba ya miezi saba, na hakuikumbuka hata sentensi moja. Kesho yake dada aliomba akae nyuma ya darasa la nne, na saa sita ilipofika aliwaona watoto wakilaza vichwa, akawahesabu, kwa sababu kutohesabu hakuweza, kumi na saba kati ya arobaini na watatu, akaandika namba hiyo kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu ya mdogo wake na kurudi nayo hivyo kwenye treni bila kunawa.

Taarifa yake ilikuwa ya kurasa nne, na aliisoma mwenyewe tarehe 26 Juni 1989 mbele ya wajumbe wa mikoa yote kumi na mmoja. Rasimu ya kwanza ilisema vifaa vilikuwa na hitilafu, Fundi akaisoma jikoni, akaomba kalamu, akasema, "Andika kwamba ni mimi," naye akaandika hivyo, kisha chini yake akaongeza kwamba mpimaji mkuu alionywa kwa barua na hakusikia. Mkoa wa bondeni ulirudi nafasi ya kumi siku ile ile, ngao ikarudishwa, na sokoni watu walimwambia mama yetu kwamba mwanawe amewavua nguo, na mama, aliyekuwa bado na gazeti la mwaka 1987 kwenye mfuko wa kitenge, akawajibu kwamba hata kwenye kinu yeye alisema gunia litolewe. Fundi alipewa barua ya onyo, dada akaondolewa kwenye kupima na kupelekwa chumba cha kuhifadhi kumbukumbu, chini, karibu na tangi la maji, akakaa huko miaka miwili, na cheo alichokuwa akikaribia akapewa mwingine. Jumatatu tarehe 15 Januari 1990 chakula cha mchana kilirudi mkoani kwetu, na mdogo wake alimwandikia barua ya mstari mmoja tu kumweleza kwamba mpira umevunja dirisha la ofisi ya mwalimu mkuu, saa sita na nusu mchana, na barua hiyo tumeikuta wiki hii kwenye mkoba wake, ndani ya kifuko cha kitambulisho.

Julai 1991 alirudishwa kwenye upimaji, akarudi na masharti mawili ambayo kitengo kinayafuata mpaka leo. La kwanza, kila asubuhi kabla ya mtoto wa kwanza kusimama, ubao wenyewe upimwe kwa fimbo ya mita moja kamili, ambazo Fundi alizichonga kumi na moja, moja kwa kila mkoa, na ahadi yake kwa kila moja ilikuwa kuipima mara tatu akiwa ameshiba. La pili, jedwali lisifungwe kabla ya mwalimu mmoja wa kila mkoa kuulizwa swali moja, watoto wanacheza mchana au hawachezi, na kama jibu la mwalimu na namba havikubaliani, wapimaji warudi. Mwaka 1998 aliteuliwa kuwa mkuu wa kitengo. Mwaka 2006, mkoa wa bondeni ulipofika nafasi ya tano kwa haki, aliagiza vipimo vikaguliwe mara tatu, kisha akampigia simu mdogo wake, bila salamu, akamuuliza kama mchana wanacheza, na alipojibiwa kwamba wanacheza mpaka masikio yanauma, alisema asante, akaenda kutia saini. Alistaafu tarehe 14 Machi 2010, siku aliyotimiza miezi mia saba na ishirini.

Baada ya kustaafu aliwapima wajukuu wake saba kwenye mwimo ule ule, akiwauliza na lile swali la mwisho, na wote saba kwa nyakati tofauti walijibu kwamba wakianguka wanamkimbilia Bibi, jibu ambalo alilisikia akijifanya hamnazo, kisha akaenda kumwambia Fundi.

Mwezi Novemba 2021 aligunduliwa na maradhi ya figo, na tangu Februari 2022 alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, akiwa na daftari lake la kuandika uzito kabla na baada, na wauguzi watakumbuka kwamba alikataa kupimwa na kandambili, akawafanya wavue wenyewe waone tofauti. Mwaka jana mwishoni alianza kudhoofika, akawa anakumbuka vizuri mambo ya zamani na kusahau ya asubuhi, lakini mdogo wake akifika alimuuliza kila mara kama watoto wanacheza, naye, ingawa amestaafu muda mrefu, alipita kwanza kwenye uzio wa shule iliyo jirani na hospitali ili asimdanganye. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mumewe na watoto wake wote wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, miezi kumi na siku ishirini na nane, yaani miezi mia nane tisini na minane, na hesabu hiyo imerudiwa. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na wadogo wawili, na mmoja wao hajui bado atamwandikia nani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomvumilia mgonjwa aliyekagua mizani yao, inawashukuru majirani waliopika, waliofagia na waliolala chini siku hizi tatu ili wageni wapate vitanda, inawashukuru wafanyakazi wenzake, wa zamani na wa sasa, ambao asubuhi ya leo kabla ya kuja hapa wamepima mbao zao kwa fimbo, na wanafunzi wote wa shule ya reli waliosafiri, ambao sasa ni watu wazima wenye mvi.

Mwisho familia inamshukuru fundi aliyetengeneza jeneza. Wengi mlijitolea, na Fundi, mwenye miaka sabini na tisa, aliwashukuru nyote na kukataa, akaingia bandani mwenyewe. Jumatano alikwenda pamoja na watoto wao kumpima mkewe, mwana wa kwanza akaambiwa asubiri ukumbini asisikie, muuguzi akanyoosha magoti ya mama yake, Fundi akasoma kwa sauti mia moja hamsini na saba, kitinda mimba akarudia mia moja hamsini na saba, kisha aliyekuwa ukumbini akaitwa, naye akapima upya, akapata mia moja hamsini na saba. Kitinda mimba akaweka penseli kwenye karatasi ili aandike, na baba yake akamzuia mkono.

"Andika mia na sitini," alisema.

Kwa hiyo jeneza mnaloliona mbele yenu limetengenezwa kwa urefu ambao marehemu alijitajia mwenyewe mwaka 1978, lina sentimita tatu zisizo na ushahidi wowote, na familia nzima, pamoja na mdogo wake aliyewahi kuombwa namba, inaomba zisihojiwe na mtu.

Dada, umesimama wima vya kutosha. Sasa legeza magoti, mchana huu watoto wanacheza, nimepita nimewaona. Pumzika kwa amani.